Madodoso Sita, Wino Mmoja

Utafiti wangu wa shahada ya pili ulikuwa na swali moja tu: je, wakandarasi wadogo wa Ifakara hukaa pamoja wakapanga nani ashinde zabuni? Chuo kilishaniongezea muda mara mbili. Msimamizi wangu aliniambia mwezi ukiisha kazi haijafika mezani kwake, jina langu linafutwa. Basi nikagawa madodoso sita kwa wakandarasi sita, kila mmoja ofisini kwake, nikimsihi: jaza mwenyewe, usimwonyeshe mwenzio.

Wiki iliyofuata mmoja wao, mzee mwenye duka la saruji na nondo kule Lumemo, akanipigia simu. "Njoo uchukue mzigo wako, mwanangu."

Nikaenda mbio. Madodoso yote sita yalikuwa juu ya kaunta, yamebanwa pamoja kwa pini moja. Mwandiko mmoja, wino wa kijani, mwanzo mpaka mwisho. Pale nilipouliza kama huwa wanapeana zamu za kushinda, yote sita yalisema hapana.

Shikamoo nilishaitoa mlangoni, la sivyo siku ile asingeipata. "Mzee wangu, nani kajaza haya?"

"Mwenzetu wa kijiji cha Mbingu. Ilikuwa zamu yake." Wala hakupepesa macho. "Tulikaa, tukaona kila mtu akiandika lake tutakuchanganya bure. Tumekurahisishia."

Jamani! Miezi yote ile ya kuwasaka nameza vumbi la barabara ya Mlimba, nafika Mchombe naambiwa bosi katoka, kumbe nilikuwa nawapelekea kitu kingine cha kupangiana! Nikamwambia wameniharibia. Akaudhika kweli, akasema watoto wa siku hizi hatuna shukrani.

Nikatoka nje, nikampigia msimamizi, machozi yananilenga. Nikamweleza yote: mwandiko, wino, zamu. Akaniuliza:

"Majibu yanalingana?"

"Yanalingana yote."

"Sasa unalia nini? Andika hakuna njama, leta kazi, uhitimu. Wenzako wote ndivyo wanavyofanya, na sisi tunapitisha."

Nilikata simu. Mwisho wa mwezi jina langu likafutwa kweli. Mpaka leo mama akiniuliza kwa upole kama jibu lilinishinda, napandwa na hasira upya. Lilinishinda wapi? Nilikwenda kutafuta wala njama sita, nikapata saba.