Kidude Kilichojifunza Baridi ya Wageni

Mkwe wangu anafanya kazi Olkaria, pale mvuke unapotolewa ardhini ugeuzwe kuwa stima, na nafikiri ndiyo maana anadharau kuni. Nyumba yake ya Lanet haina hata mahali pa kupitishia moshi. Ni mawe na vigae na madirisha makubwa ya kuingiza baridi, halafu ukutani ametundika hita za stima za kuitoa hiyo baridi aliyoiingiza mwenyewe. Mimi sikusoma, nilitolewa shule hata kusoma kwenyewe hakujanikaa vizuri, lakini kwangu Njoro nilijenga jiko likae katikati na watu walizunguke. Ukiona baridi unasogea. Ukiona joto unasogea nyuma. Hakuna mtu amewahi kunifundisha hiyo.

Sasa, msichana wangu, mke wake, alijifungua kabla ya wakati. Mtoto wa kike, mdogo, ngozi inapitisha mwanga kama karatasi iliyofungiwa mandazi. Siku ya kuruhusiwa, nesi alituambia neno moja na akalirudia kama kwa watu viziwi: huyu asipate baridi. Akipata baridi ataacha kunyonya, na akiacha kunyonya mtarudi hapa mbio, na sijui kama mtafika. Akasema dawa ni kifua. Mtoto abaki na nepi na kofia, alazwe kifuani, ngozi kwa ngozi, afunikwe. Mama akichoka, baba aingie zamu. Halafu mimi nikakohoa. Nesi akanigeukia mimi bibi wa mtoto.

"Wewe shosho, na hicho kikohozi, kazi yako ni kupika."

Mkwe wangu alikuwa anaangalia viatu vyake. Nilimwona.

Tulipofika nyumbani, tukakuta fundi amemaliza kufunga kitu cha kuongoza zile hita karibu na mlango wa sebule. Kidude cha mviringo, kama kifuniko cha sufuria ndogo, kinang'aa ukikipitia mbele. Mkwe wangu alikuwa na furaha ya mtu aliyenunua ng'ombe wa gredi. Akasimama mbali nami kidogo, kama anavyosimama siku zote, akanieleza huku akizungumza na ukuta.

"Mama, hii haingojei kuambiwa kila siku. Ukiizungusha juu asubuhi, kesho ukaizungusha tena, inashika. Inajua asubuhi watu wa hapa wanataka joto kiasi hiki. Jioni hivyo hivyo. Hata ikiona hakuna anayepita, inajua mmetoka. Baada ya siku chache hutaigusa tena."

"Na ikikosea?"

"Haikosei, Mama. Inajifunza."

"Hata mbuzi wangu amejifunza kufungua stoo ya mahindi."

Msichana wangu alicheka, akashika mshono wake. Alikuwa amepasuliwa na kicheko kilimuuma. Yeye mwenyewe alikuwa upande wa kidude. Ndoa ni hivyo.

Wacha niseme ukweli: siku za kwanza kilifanya kazi. Msichana wangu akiamka kunyonyesha anakizungusha, na baadaye nikakuta kinawasha hita chenyewe kabla hajaamka. Lakini kumjua mtu anapenda nini kwa sababu umemwona akigusa kitasa, hiyo ni akili ya askari wa geti. Hakikumuuliza mtu kwa nini. Mimi hupandisha moto nikiwa na homa, na hupandisha nikiwa na hasira, na marehemu mume wangu alijua tofauti bila kuinua kichwa kwenye chai yake.

Halafu wageni wakaanza.

Kwetu mtoto hazaliwi kimya kimya. Akina mama wa kanisa walifika mchana, wakafuatwa siku iliyofuata na wengine, na wengine, kila kikundi na chupa zake za uji na maziwa. Wanakuja baada ya chakula cha mchana na wanaondoka jioni wameimba wameomba wamekula. Na wanavaa! Julai hii ya baridi, kila mmoja ana sweta, juu ya sweta koti, juu ya koti leso, na kofia ya kusuka. Wanajaa kwenye viti wamebanana kama magunia ya viazi. Sebule ikawa inatoa jasho. Mama kiongozi wao wa kanisa, mwanamke mpana mwenye sauti ya kuita ng'ombe ng'ambo ya bonde, alijipepea na kitabu cha nyimbo.

"Aiii! Hapa mnakausha samaki? Nani amewasha hii kitu?"

Akainuka, akazungusha kidude mpaka chini. Siku hiyo mtoto alikuwa kifuani kwa mama yake, na kulikuwa na joto la watu wote wale, kwa hivyo hakuna lililoharibika. Kesho yake wakaja wa mtaani, mwingine akakizungusha chini. Keshokutwa vilevile. Wakiondoka, msichana wangu anakipandisha tena jioni. Hakuna aliyefikiria kitu. Kumbe chenyewe kiko pale ukutani kinasoma, mwanafunzi mzuri kweli, kinaandika kichwani: watu wa nyumba hii, mchana wanapenda baridi.

Wageni wakaisha, kama wanavyoisha. Mshono wa msichana wangu ukaanza kutoa maji, jirani akampeleka kliniki. Alikamua maziwa akayaacha, akatuonyesha namna ya kumnywesha mtoto kwa kikombe kidogo. Akaniachia mtoto kwenye kitanda chake kidogo sebuleni, amefunikwa vizuri. Mkwe wangu alikuwa likizo, amekaa chumba cha kulia mlango ukiwa nusu wazi. Huyu mtu hajawahi kula nikimwona. Ana digrii na anaendesha mitambo mikubwa kama kanisa, lakini adabu ya mkwe shule haikumtoa, na mimi kwa hilo nilimpenda.

Nje ilikuwa inanyunya. Nilikuwa jikoni nachambua sukuma, na humo jikoni gesi ilikuwa inawaka, sikuhisi kitu. Nilipokuja na kikombe cha maziwa, sebule ilikuwa baridi kama stoo. Nikaingiza mkono chini ya blanketi nikashika mguu wa mtoto. Baridi. Nikagusa tumbo. Lenyewe pia lilikuwa baridi. Nikaweka kikombe mdomoni, maziwa yakatiririka shavuni. Hakumeza. Hakulia hata. Nilitaka alie.

"Baba!" nikaita. "Mtoto amepoa!"

Mkwe wangu akaja na simu mkononi, ile inayozungumza na kidude. Akaitazama simu kabla hajamtazama mtoto, nitamsimulia mtoto hilo akikua.

"Lakini hapa inasema nyumba iko kwenye ratiba yake."

"Ratiba ya nani?"

Akabonyeza, akabonyeza. Nikamwona ameelewa. "Ni wale wageni," akasema. "Imejifunza wageni. Nimeipandisha sasa, Mama. Hita zitapata moto. Na tukiirekebisha kwa wiki moja itasahau."

"Wiki! Huyu ana wiki?"

Hita zikaanza kutoa harufu ya vumbi lililoungua. Joto halikuja. Nyumba yote ya mawe ilitaka kupashwa kwanza ndipo mtoto wa kiganja apashwe. Nikasema, "Vua shati."

Hakusogea.

"Ulimsikia nesi. Mimi nakohoa. Mama yake hayupo. Vua shati umlaze kifuani."

"Mama, siwezi." Macho yake yako kwa vigae. "Mbele yako siwezi. Hata hii kitu niliinunua kwa sababu... nilijua utakuja kukaa na sisi."

Basi ndiyo hivyo. Alinunua kidude ili asivue shati. Pesa ya watu na umeme wa ardhini na akili ya kutoka ng'ambo, vyote vimetundikwa ukutani kuziba haya ya mtu mmoja, ambayo ningeimaliza kwa kutoka nje.

Nilimvua mtoto haraka, nikambakisha na nepi na kofia, nikamweka mikononi mwa baba yake nimegeuza uso. Nikachukua leso yangu, nikaenda nje nikafunga mlango. Nikasimama nyuma ya nyumba, chini ya tangi la maji, mvua inanirukia. Nikakohoa. Nikaomba kidogo, nikamtukana mama kiongozi kidogo, nikaomba tena.

Na hapo ndipo ujinga wa adabu yetu ukaonekana: hakuniita. Mkwe hapaazi sauti kumwita mama mkwe. Nikangoja, na sijui ndani mtoto yuko hai au vipi, na siwezi kuingia, na yeye hawezi kuita. Mwishowe kioo cha dirisha kikagongwa kutoka ndani, ko ko, pole pole, pazia limefungwa.

Nikasogea dirishani. "Miguu?"

"Imepata moto, Mama."

"Na maziwa?"

Halafu nikamsikia mwenyewe, yule mdogo, analia kwa hasira, sauti nyembamba kama mlango unaotaka mafuta.

"Amekunywa," mkwe wangu akasema. "Anataka zaidi."

"Basi mpe. Na usinyanyuke hapo hata mtu akigonga. Mimi nitakuwa kwa jirani, na usiku nitalala huko huko."