Neema Anatubu Kosa la Skripti Yangu

Admin, jina langu lifiche kabisa maana huku Kyela tunajuana. Mimi ni mwanaume wa miaka ishirini na saba, natengeneza programu za simu. Nafanya kazi na dada mmoja wa Lyulilo, nimwite Neema. Bibi yake alikuwa mfinyanzi, na sisi tulikuwa tunaandaa programu ya kufundisha ufinyanzi. Bibi tulimrekodi akieleza kila kitu kwa Kikisi, lugha ya kwao, huku anatucheka eti vidole vyetu ni vya kushikia simu tu. Mwezi uliopita akafariki.

Sasa mnielewe. Programu yetu inaundwa na skripti, yaani faili la amri zinazojiendesha moja baada ya nyingine. Kabla ya hatua fulani inasimama na kukuuliza. Swali mojawapo ni, "Nifute sauti zote nianze upya?" Niliiandika mimi, tena kivivu: ukiandika hapana inairuka hatua hiyo, ukibonyeza Enter bila kuandika kitu, inafuta. Wakati ule tulikuwa na sauti za majaribio tu. Baadaye nikaweka humo za bibi, swali nikalisahau, na nakala nyingine sikutunza. Uzembe mtupu.

Juzi juzi nikiwa Busale kwenye mpunga wa mama, Neema akanipigia. "Kaka, inaniuliza maswali, nijibu nini?" Nikamwambia, "Wewe bonyeza Enter tu mpaka mwisho." Akabonyeza. Sauti ya bibi ikapotea yote.

Niliporudi nilimkuta analia, anasema hajui amefanya nini. Hapo ndipo ningesema. Badala yake nilifungua skripti kimyakimya nikaigeuza, Enter tupu ikawa haifuti. Kesho yake Neema akaijaribu, akaona Enter tupu haifuti, akasema, "Basi kwa haraka zangu niliandika ndiyo. Nisamehe kaka." Nikamwambia yameisha. Yaani mimi ndiye nikamsamehe! Najichukia.

Kwao walikuwa wanaisubiri ile sauti siku ya kumaliza matanga. Neema alipiga magoti mbele ya mama yake na wajomba. Mama mtu akasema tu, "Mwanangu, sisi tulitaka kumsikia mara moja tu." Mimi nilikuwa nimekaa palepale, nimeandaliwa wali na samaki mbasa, na mjomba akanishika mkono: "Ndaga fijo, asante sana kwa kumvumilia binti yetu." Nikala.

Neema hajagusa kompyuta tena. Jumapili hii ameomba kutubu mbele ya usharika, anasema hapati usingizi. Jana kanijia: "Kaka, usimame pembeni yangu, nikikuona sitatetemeka." Nimekubali, sijui hata kwa nini. Nikisema ukweli, nampoteza yeye na kwao sikanyagi tena. Nikinyamaza, binti wa watu atalia mbele ya kanisa zima kwa kosa langu, na mimi nimemshika mkono. Ndugu zangu, Jumapili inakaribia. Nishaurini, nifanye nini?