Jina Lililoachwa Nje ya Tanzia

Kwa miaka thelathini na moja Tsonka alikuwa ndiye mpanga tanzia wa mji. Mtu akifa, wafiwa walimpelekea picha ya marehemu na majina yao, na kesho yake karatasi zimebandikwa milangoni na kituo cha basi. Siku ya arobaini hubandikwa nyingine, kisha nyingine kila mwaka. Hakuwahi kukosea jina. Moja tu aliliacha kwa makusudi, la bintiye Ralitsa, kwenye tanzia ya mumewe, baba mzazi wa Ralitsa, kwa kuwa binti alikuwa ametoroka na mume wa mtu. Mji mzima ulisoma. Ralitsa naye alisoma, akapanda basi, na tangu hapo hajapiga hata simu. Kila mwaka Tsonka aliliacha tena, kwa ukaidi tu.

Sasa Ralitsa alikuwa ametunga riwaya, na Jumamosi angekuja kuisoma maktabani. Kitabu kizima ni tanzia za ukoo mmoja, moja kila ukurasa.

"Mtu kafa ukurasa wa kwanza, ukurasa wa thelathini yuko msibani analia!" alilalamika Penka, mkutubi na jirani yake. "Hiki kitabu au homa?"

"Shoga, wewe hujawahi kubandua tanzia mlangoni," Tsonka alimcheka. "Karatasi ya juu ndiyo ya mwisho kubandikwa. Ukitaka siri za nyumba, bandua ushuke chini. Hebu lete."

Alikisoma siku tatu, pilipili hoho zikichomwa uani. Mhusika aliyejitupa kisimani alimtambua kabla kitabu hakijasema. Mwanamke aliyejiandika "jirani" chini ya jina la marehemu alimtambua pia, maana jirani hawezi kumwita maiti "mpenzi wa macho yangu". Alifurahi kama fundi anayekagua kazi ya fundi mwenzake. Kisha akaona kwamba katika kila orodha ya wafiwa palikuwa na pengo jeupe, upana wa jina moja.

Ukurasa wa mwisho ulikuwa tanzia ya msichana. Chini yake: "Mfiwa: mama yake, ambaye bado hajapata habari."

Tsonka alilia mpaka pilipili zikaungua. Kuomba radhi kwa mdomo hakujui, na alijua hajui. Lakini kwa tanzia hakuna wa kumfundisha.

Jumamosi asubuhi Penka alimkuta kituoni na ndoo ya gundi.

"Wee Tsonka! Kumbukumbu ya marehemu mumeo si Novemba?"

"Novemba, ndiyo."

"Na unabandika Septemba? Watu watasema umechanganyikiwa."

"Waseme. Aliyeharibu ni mimi, anayetengeneza ni mimi. Nishikie ndoo."

Picha ilikuwa ileile, baba mtu na kofia yake. Chini, kwenye wafiwa, Tsonka alikuwa ameandika: "Ralitsa, binti yake." Lake mwenyewe hakuliandika; mahali pake aliacha pengo, upana wa jina moja.

Walikaa dirishani kwa Penka, kituo kikionekana. Basi la saa tano likaja. Ralitsa akashuka na begi lake, akaliona bango, akasimama. Alisoma muda mrefu mno kwa karatasi fupi vile.

Kisha Ralitsa akapekua begi, akatoa kalamu, na kwenye lile pengo akaandika: "na Mama."