Mlio wa Gari la Baba Mkwe

Masikio yangu niliyaua mwenyewe kwa nyundo. Miaka kumi na mmoja nilikuwa fundi wa kunyoosha bodi katika karakana moja ya Barabara ya Pugu, kuanzia kabla ya Uhuru mpaka baada ya Azimio, na muda wote huo hakuna aliyetuambia tuzibe masikio. Tungeyazibaje, na msimamizi akikuita anataka uitike papo hapo? Tulipiga mabati kutwa nzima, jioni tukatoka tunasemezana kama watu wanaogombana. Wake zetu walidhani tumekuwa wakali. Mimi nilikuwa mkali kweli, lakini hiyo ni habari nyingine.

Nilipoacha kazi ya kuajiriwa na kufungua kibanda changu Temeke, sauti nyembamba zilikuwa zimekwisha kuniaga: ndege, filimbi, mtoto anayelia chumba cha pili. Zikafuata nyingine, moja moja. Kwa fundi wa magari hilo ni janga. Siku zile vipuri vilikuwa adimu kama sukari, na gurudumu halikufunguliwa ovyo, maana ukichana sili ya kuzuia grisi utaipata wapi nyingine? Ilikupasa uujue ugonjwa kwa kusikiliza kwanza, ndipo ushike spana. Nami, kwa sifa za zamani, nilijulikana kuwa fundi mwenye masikio. Watu walitoka mpaka Tabata kuniletea magari yanayolia.

Basi nikatunga ujanja. Mteja akija, namwambia aniigizie mlio kwa mdomo wake. Wengi walicheka, wakadhani fundi anapenda mzaha. Kumbe mimi nilikuwa nawasoma midomo. Meno yakibana na mashavu yakivutika, hiyo ni breki inayokwaruza. Ulimi ukigonga juu, kuna nati imelegea. Midomo ikichomoza mbele na kutetema, beringi inakwisha. Sikukosea hata mara moja kwa njia hiyo, na aliyeijua siri yangu alikuwa mke wangu peke yake. Alikuwa akiuza vitumbua mlangoni mwa kibanda, na mtu akiniita kutoka nyuma yangu, yeye hunigusa begani.

Baba yake, yaani baba mkwe wangu, alikuwa mtu wa pwani hasa, mkazi wa Mbagala, mwenye biashara ya nazi na pikapu kuukuu ya kuzibebea. Alikuwa mpole, wa maneno machache. Mimi nilimheshimu kama inavyompasa mtu kumheshimu mkwe wake: hatukula sahani moja, sikucheka mbele yake, na akizungumza nilitazama chini. Katika miaka yote ya ndoa yangu sidhani kama niliwahi kumtazama usoni kwa muda wa kuhesabu mpaka tano.

Siku moja akatuletea salamu kwamba gari lake linalia magurudumuni, kesho atalileta. Mke wangu aliniambia pale pale, akinitazama ili nimwelewe.

"Mwambie Baba kuwa husikii. Baba yangu yule, hawezi kukucheka."

Nikamjibu kwamba ni afadhali amwambie baba yake kuwa mimi ni mwizi. Aliguna, akaniacha na kichwa changu kigumu.

Asubuhi mzee akaja. Nilimwamkia, nikapanda kando yake. Petroli ilikuwa ya kupimiana, kwa hiyo tulikubaliana mzunguko mmoja tu, mpaka Mtoni na kurudi. Nilichokisikia njia nzima ni mngurumo wa mbali wa injini, nao zaidi niliusikia kwa miguu. Ningefanya nini? Nimwambie mkwe wangu, mtu mzima mwenye kofia ya viua na mvi kidevuni, achomoze midomo aningurumie kama mtoto anayecheza gari la mabua? Hata kumtazama mdomoni nilishindwa. Tulipokuwa tunarudi alipunguza mwendo, akanigeukia. Nilijua anauliza kama nimesikia, kwa sababu hakukuwa na jambo jingine la kuuliza.

"Nimesikia, Baba," nikasema.

Maneno hayo mawili yalinifunga. Fundi aliyekwisha kusikia hawezi tena kuuliza ni gurudumu lipi, la mbele au la nyuma, la kulia au la kushoto. Ikabidi nikisie. Nikajiambia kwamba pikapu inayobeba nazi kila siku huumia nyuma. Nikaipiga jeki nyuma, nikafungua, nikakuta bitana za breki zimekwisha kweli na vumbi limejaa. Nilifurahi kama mtu aliyeokota ufunguo wake uliopotea. Nikasafisha, nikakaza, nikarudisha magurudumu. Ningeinua na mbele nikayatikisa kwa mikono miwili, ningeijua beringi iliyokuwa inakwisha huko hata ningekuwa kiziwi na kipofu pamoja. Ni kazi ya dakika chache. Lakini nilikuwa nimekwisha kupata kosa moja, na mkwe wangu alikuwa amesimama juani akinitazama, nami nilitaka kumaliza kwa mbwembwe.

Alilijaribu gari kidogo, akarudi. Nilimuuliza, macho yangu kwenye kandambili zake, kama sasa ni sawa. Akaniwekea mkono begani, jambo ambalo hakuwa amelifanya hata siku ya harusi.

"Ahsante, mwanangu," akasema. Hilo nililisikia, maana alikuwa karibu sana.

Siku ya nne yake, mchana kweupe, kwenye mteremko wa kushukia Mtoni, gurudumu la mbele la kulia lilitoka. Pikapu ilipinduka na nazi zake zote. Mama mkwe, aliyekuwa amekaa kando ya mumewe, alivunjika nyonga. Mzee alikata roho kabla hajafikishwa hospitali, tukamzika kesho yake baada ya adhuhuri. Kutoka makaburini nilikwenda peke yangu mpaka pale gari lilipolala. Beringi ilikuwa imesagika unga, na chuma chake kilikuwa kimegeuka buluu kwa moto. Sikuhitaji kuambiwa na mtu.

Hakuna aliyenilaumu. Walisema siku yake imefika, wakanipa pole kama walivyowapa wengine. Mke wangu nilimwambia yote. Hakunitukana wala hakulia mbele yangu. Ila hakurudi tena kuuza vitumbua mlangoni mwa kibanda, na tangu hapo watu walioniita kutoka nyuma waliita mpaka wakachoka.

Kiziwi hana kimya, wasiokuwa viziwi hawalijui hilo. Ndani ya kichwa changu kuna mlio usiokoma, na baada ya msiba ule nikaanza kuamini kwamba ndio ule wa gurudumu, umehamia kwangu. Niliogopa. Kila nilipokanyaga barabara ile nilihisi kitu kinazunguka kando ya kichwa, upande wa kulia. Nilikwenda mteremkoni kuwauliza wauza mihogo kama siku ile walisikia nini gari likipita. Mmoja akaniambia lilipiga kelele kama bati linaloburutwa, mwingine akasema hapana, lilikuwa linafoka tu. Wakanitazama kwa huruma, nami nilijua wananidhania nimerukwa na akili.

Miaka ikapita. Mama mkwe alihamia kwetu na fimbo yake, nami kibanda nilikwisha kukifunga, sisikii hata radi. Alasiri moja alikuwa ukumbini anachambua choroko. Nikakaa chini mbele yake, nikamtazama usoni, ukosefu wa adabu ambao hakuwahi kuuona kwangu. Nikamuuliza kuhusu mlio.

Aliweka ungo pembeni. Akasema polepole ili niyaone maneno.

"Haukukoma. Tulipopanda gari kesho yake tu niliusikia, nikamwambia turudi kwako. Akasema, mkwe wetu keshasema kasikia, keshatengeneza, tukirudi tutamtia aibu."

Nikamwomba aniigizie. Bibi yule mstaarabu, ambaye hata kupiga chafya hujificha kwa upindo wa kanga, alitazama mlangoni kama kuna mtu, akajitanda vizuri, kisha akaigiza. Midomo yake ilichomoza mbele, ikatetema, ikaendelea kutetema mpaka pumzi ikamwishia.

Akaniuliza kama nimeutambua. Nikamwambia ndiyo, na kwamba ningeutambua siku ile ile, kama ningeinua macho nikamwomba Baba afanye hivyo mara moja tu.