Maziwa ya Kuosha Kifua

Mafundi wote wa karakana ile nawakumbuka kwa majina, na majina ya mama zao pia. Hapa sitayaandika. Naandika habari ya mume wangu tu, maana kifua chake ndicho kilichoninyima usingizi.

Nilitoka kwetu Endagikot, nyanda za juu, nikaolewa huku chini Hanang, kwenye uwanda wa ngano ya serikali. Kwenye karakana ya shamba hilo mume wangu aliyeyusha shaba chakavu na kumimina bushi za kombaini, zile pete ambamo vyuma vya mashine ya kuvunia huzunguka. Shaba ikichemka hutoa moshi mweupe, vumbi lake linatua kwenye nyusi kama unga. Ukutani kulikuwa na feni kubwa ya kuuvuta nje. Mwaka ule mvua ikawahi mavuno, basi feni ikang'olewa, ikapelekwa ghalani kukausha ngano.

Tangu hapo akawa anarudi jioni anatetemeka, meno yanagongana, asubuhi anaamka mzima. Wiki ya pili asubuhi nayo ikaharibika. Akawa analala ameketi.

Dawa yao ilikuwa maziwa. Waliamini yanaosha moshi kifuani, hakuna aliyeingia bila kunywa. Mimi pia niliamini. Nilikamua mpaka ndama akabaki mifupa.

Nikamwendea msimamizi kule karakanani. "Shikamoo baba. Rudisheni feni, mume wangu anakwisha."

"Marahaba. Ngano ikioza, mama, tutakula feni? Mwongezee maziwa."

Mafundi wakacheka. Mume wangu naye akacheka, akakohoa, akafuta kiganja kwenye suruali haraka. Ilikuwa damu. Niliiona.

Alfajiri iliyofuata nikafanya shauri la mjinga. Nikamfungulia ndama, akanyonya yote. Nilijiambia, bila maziwa hataingia mle.

Akachukua kibuyu, akakitikisa. "Mama watoto, kimekauka?"

"Ndama amemaliza. Leo kaa nyumbani, baba watoto."

"Shaba inaningoja. Nani ataimimina, ndama wako?"

Nikamshika shati. Akanibandua vidole, kimoja kimoja, bila hasira, akaenda. Nilisikia kikohozi kikishuka barabarani. Kinasimama. Kinaendelea.

Hapo ndipo akili ikanijia: anaingia kwenye moshi, na tumbo halina hata tone. Nimemnyima mimi! Nikakimbia kwa jirani pekupeku, nikapiga mlango kwa ngumi zote mbili, nikaomba maziwa kikombe kimoja tu.