Barua ya Kumrudisha Mke Wangu

Hakuna kitu duniani kinachoweza kunishangaza. Nimesema, na narudia. Mtu aliyeanza maisha akivunja mawe ya chokaa Kakontwe kwa nyundo ya kuazima, na darasa la nne peke yake kichwani, kisha leo ana malori matatu yanayopeleka sementi mpaka Kakanda, mtu huyo utamshangaza kwa nini? Nimeona lori likishuka mlima bila breki huku dereva anaimba wimbo wa kanisa, na bondeni likasimama lenyewe, naye dereva akamaliza ubeti. Nimeona mtu wa Kamatanda akilipia harusi nzima kwa magunia ya mawe ya kijani yaliyodhaniwa kuwa ya shaba, na kesho yake mawe yakaonekana ni mawe tu. Nimeona mvua ya mawe ikitoboa mabati mapya ya tajiri na kuacha mabati yenye kutu ya jirani yake. Tajiri huyo ni mimi. Sikushangaa. Nilinunua mabati mengine.

Lakini barua moja ya nusu ukurasa, bwana, ilinikimbiza Likasi nzima, mji wetu huku Kongo, kutoka Jumatatu mpaka Ijumaa.

Kwanza mumjue mke wangu. Ni mtu wa Kitwe, ng'ambo ya mpaka, Zambia. Mimi nilikuwa mjane miaka mingi. Nilimwona pale mpakani Kasumbalesa, amesimama juu ya magunia ya sukari, anawagombeza wapagazi watatu kwa Kibemba, na wote watatu wanajibu ndiyo mama, ndiyo mama. Nikasema moyoni: huyu hapa. Sikukosea. Mimi sikosei katika kuchagua, iwe lori, iwe kiwanja, iwe mtu. Alipokuja kwangu alijenga tanuri nyuma ya nyumba, na mwezi haukuisha mtaa wote unakula mikate yake. Tena alisoma mpaka akamaliza sekondari. Husoma kila kitu, hata maandishi ya mfuko wa unga, mpaka chini kabisa.

Kwao nilipeleka kila kilichoandikwa kwenye orodha ya mahari, na juu yake nikaongeza. Sisi ambao baba zetu walitoka Kasai kuja kufanya kazi ya mgodi, kwetu jambo halijakamilika kama mbuzi hajalia. Nilipeleka saba. Koti la baba alilipokea mjomba wake mkubwa, kwa kuwa baba alikwisha kufariki. Alilivaa palepale, jua kali, na hakulivua mpaka tunaondoka. Basi mimi niliporudi, kichwani mwangu mke wangu alikuwa Mkongomani. Mbuzi wameliwa, koti limevaliwa, mwanamke ni wa nyumba yangu. Sheria niliyokuwa naijua ni hiyo.

Mwaka na nusu baadaye tukapanga ndoa ya komini, yaani ya serikali, na ya kanisa, zote mbili Jumamosi moja. Vitenge vilikwisha kugawanywa, vya buluu na ndege wa njano, na wiki ile nilikuwa nawaona ndege hao barabarani hata kwa watu nisiowajua. Nilifurahi. Nilitaka mji wote uwe na ndege.

Jumatatu tukaenda komini kupeleka karatasi za mwisho. Karani anayeandika ndoa ni mzee wa miwani, mpole. Alifungua pasipoti ya mke wangu, akaifunga, akaifungua tena.

"Papa, harusi ni Samedi?"

"Samedi. Na weye umealikwa. Kila mutu amealikwa."

"Merci. Lakini muhuri ya mama inaisha Vendredi, siku moja mbele ya harusi."

"Muhuri gani?"

"Ya mupaka. Hii iko ya matembezi, papa. Mama alikuya kutembea. Anatembea sasa mwaka na nusu."

Nilimgeukia mke wangu. Kila mara muhuri ulipokaribia kwisha alikuwa anapanda basi mpaka Kasumbalesa, anavuka, anakunywa chai kwa dada yake, anarudi na muhuri mpya. Mimi nilidhani anaipenda hiyo chai.

"Huyu haiko mugeni," nikamwambia karani. "Nilitoa mbuzi saba."

"Mbuzi hawaandikwe mu pasipoti, papa."

Akatueleza polepole. Muhuri wa matembezi haumpi mtu ruhusa ya kuishi. Mgeni anayeishi hapa anaomba viza ya makao katika ofisi ya wageni. Anapeleka dosie, yaani faili la karatasi zake zote, dosie inatumwa juu, na mwisho anapewa kadi ya mkaaji, yenye picha yake na muda wake, na muda ukiisha anaomba tena. Wakati wa kungoja kadi anapewa risiti ya dosie, na risiti hiyo inatosha. "Muniletee ile risiti, nitawaoza hata nikiwa nasimama na muguu moja. Bila ile, Samedi mama atakuwa mutu mwenye angepaswa kuwa ng'ambo. Siwezi kumuandika mu kitabu."

"Na kama tunaoana Vendredi?"

"Matembezi ni matembezi, papa."

Nje, mke wangu hakuwa na wasiwasi hata kidogo. Akasema, "Dosie yangu iko tayari tangu mwezi wa tano. Kunabakia barua yako."

Barua hiyo nilikuwa naijua.

Mwezi wa tano alinisomea mezani, tonge la bukari mkononi mwangu. Ilisema kwamba mimi mwenyeji nachukua dhamana ya mgeni huyu. Nitampa mahali pa kulala. Sawa. Nitamlisha. Hapo nilicheka, maana anayelishwa pale nyumbani ni nani? Akiugua nitamtibu. Sawa. Halafu: na ikilazimu, nitalipa gharama za kumrudisha kwao.

Niliweka tonge chini.

Kwetu, kumrudisha mke kwao kuna maana moja tu. Ni neno la siku ndoa inapokufa, siku unapobeba mkeka wake na kwenda na shahidi mpaka mlangoni kwa wazazi wake. Mwanamume akilitamka neno hilo hata kwa mzaha, wakwe wana haki ya kuja kumuuliza binti yao amekosa nini. Sasa mimi nilitamke, niliandike, nilitie sahihi, na ndoa ya kanisa bado? Nilimwambia aichane. Hakuichana. Aliiweka kwenye mfuko wa plastiki ili isishike unga.

Jumanne nilivaa suti na viatu vyangu vinavyolia, maana vikilia watu hugeuka, nikaenda peke yangu ofisi ya wageni. Niliona hakuna mlango wa Likasi usionijua. Mezani palikuwa na mwanamke kijana, umri wa binti yangu.

"Mama, minye njo mwenye malori," nikajitambulisha.

"Nasikia, papa. Hapa tunaandikaga batu, haiko malori."

Akatoa dosie ya mke wangu. Naapa sijawahi kuona karatasi zilizopangwa hivyo. Pasipoti, picha, cheti cha daktari, cheti cha kwamba hana kesi, cheti cha mkuu wa mtaa kwamba analala kwangu, na kila kimoja kina nakala yake.

"Huyu mama angekuya kutumika kazi hapa," yule karani akasema. "Kunakosa kintu kimoja, barua yako, na sahihi yako imepigwa muhuri ya komini. Ukinipa leo, risiti unapata kesho."

"Futa ule mustari wa kumurudisha."

"Haufutwake."

"Basi andika nitamupeleka Kinshasa. Hata na ndege."

"Kinshasa haiko kwabo, papa." Akaniangalia kwa huruma. "Serikali inauliza tu nani atalipa bisi. Haiulize kama munapendana."

Nikatoka. Safari hii viatu vililia na hakuna aliyegeuka.

Jumatano nikaenda kwa dada yangu mkubwa, ninayemwita yaya, yeye ndiye aliyenilea. Nikamweleza yote. Akajipiga paja.

"Mudogo wangu! Utasaini kama unamurudisha bibi, na vitenge tulishashona? Usisaini!"

"Nisiposaini, yaya, Vendredi anavuka mupaka, na Samedi hakuna ndoa."

"Basi saini!"

"Nisaini?"

"Usisaini! Bakwe batasema nini?"

"Kwa hiyo nimwache aende?"

"Nani amesema aende? Saini! Hapana, ngoja kwanza. Usisaini."

Tulicheka mpaka tukashikana mabega, lakini nilipofika nyumbani kicheko kilikatika. Mke wangu alikuwa anakunja nguo. Hakuwa na hasira. Alikunja kila kitu kwa mpangilio wake ule ule, kitenge cha ndege kikiwa juu kabisa.

"Vendredi navuka," akasema. "Sitakaa siku hata moja bila karatasi. Siko mwizi."

"Utarudi na muhuri mupya. Tutaoana Samedi ingine."

"Mwaka na nusu niko mutembezi mu nyumba yangu mwenyewe, papa. Tanuri nilijenga minye. Kila mara nikiwa pale mupaka naulizwa, unaenda wapi? Nasema kutembea. Nimechoka kusema kutembea. Mara hii nikivuka, sijui kama niko na nguvu ya kurudia kusema ile neno."

Mimi ni mtu wa kujibu. Ulizeni Likasi yote. Siku ile nilikaa kwenye kiti changu nikimwangalia mwanamke ambaye ningempa malori yote matatu, na nusu ukurasa ndio umetushinda.

Alhamisi saa nne asubuhi mjomba wake akashuka kwenye basi la Kasumbalesa, amekuja kwa harusi. Alikuwa amevaa koti. Lile lile. Alipokwisha kunywa vikombe viwili vya munkoyo, kinywaji chetu cha mahindi, akauliza kwa nini sura zetu ziko hivi. Mke wangu akamsomea barua. Mjomba akaomba mstari ule usomwe tena. Ukasomwa. Akainamisha kichwa, mabega yakaanza kutikisika, na mimi nikajua: analia, yamekwisha. Kumbe anacheka. Alicheka mpaka akafungua kifungo cha koti, jambo ambalo sikuwahi kuliona.

"Buko," akaniambia, maana ndivyo wakwe tunavyoitana, "unisindikize ku ile bilo."

Tukaenda wote watatu. Ofisi ya wageni ilikuwa imejaa, wageni wa kila rangi wamekaa kwenye benchi na mafaili mapajani. Mjomba akaenda moja kwa moja mbele ya yule karani kijana, akavua kofia.

"Mama, minye njo mujomba wa huyu mwanamuke. Andika kama atamurudisha. Andika na wino mingi! Halafu na weye usikie, na hawa batu bote basikie. Sisi kule hatumupokei. Mbuzi tulikula, hata mufupa hakuna. Koti ni hii. Kitanda yake analala mutoto wa dada yake. Buko akimuleta, atakuta mulango tumefunga, na atalipa bisi ya pili kumurudisha Likasi!"

Benchi lote likapiga makofi. Mgeni mmoja mwenye shati la mikono mirefu akauliza kama mzee huyu anaweza kusema na kwa ajili yake.

Nieleze vizuri, maana hapa ndipo jambo lilipotatuka. Kwetu na kwao, mke harudishwi hewani. Anarudishwa mikononi mwa mtu. Mpokeaji akikataa mbele ya mashahidi kabla hajaletwa, neno la kumrudisha halina pa kutua. Serikali imepata mtu wa kulipa basi, na ukoo umepata mlango uliofungwa. Hakuna aliyedanganywa. Mke wangu, aliyekuwa amesimama nyuma yangu na nguo zake zimekwisha kukunjwa nyumbani, akasema kwa sauti ndogo, "Papa, kalamu."

Nikashika kalamu. Jina langu naliandika polepole kwa sababu naliandika vizuri. Yule karani akasema hajawahi kuona sahihi yenye mkia mrefu hivyo, nami nikamwambia mkia huo uko kwenye milango ya malori yote matatu. Tukakimbia komini kabla hawajafunga. Mzee wa miwani akasoma barua yote, akagonga muhuri juu ya sahihi yangu.

"Papa, umesaini kumurudisha bibi?"

"Nimesaini."

"Felisitasio," akanipongeza, na hakucheka mpaka tulipofika mlangoni.

Barua ikarudi ofisi ya wageni jioni ile ile, na Ijumaa kabla ya saa sita risiti ilikuwa mkononi mwa mke wangu. Aliisoma amesimama, kila neno, mpaka namba ndogo za chini. Kisha akanipa mkoba wake nimshikie, mimi, mwenye malori, akacheza pale pale nje ya ofisi, unga bado kwenye viwiko, mjomba akampigia makofi akiwa ndani ya koti lake. Nami nikacheza. Viatu vilinilia vizuri siku hiyo.

Jumamosi karani alituoza na miguu yote miwili chini, na dada yangu anasema mpaka leo kwamba yeye tangu mwanzo alisema nisaini. Kadi yenyewe ilikuja miezi mingi baadaye. Kwenye picha mke wangu hacheki hata kidogo. Nikamuuliza kwa nini, akasema mkaaji hana haja ya kumchekea mtu wa mpaka.

Sasa, Ijumaa ile nilikuwa nimeandaa pesa nyingi, mifuko miwili ya suti. Niliposema nataka kulipia viza ya mke wangu, yule karani kijana akanionyesha risiti ya malipo iliyobanwa ndani ya dosie tangu mwezi wa tano, imelipwa yote, kwa pesa ya mikate. Nilinuna nusu siku. Kwa hiyo kwangu mimi, nikihesabu muhuri wa komini, karatasi mbili nyeupe, na kuku mmoja jike aliyedaiwa na mjomba kama ada ya kufunga mlango, ambaye alivuka naye mpakani akiwa ndani ya koti, kumweka mke wangu Likasi kulinigharimu faranka elfu thelathini na mbili na mia tano.