Shanga Mnazonisifia Sikuzishona Mimi

Ninyi mnaoandika "bibi shujaa" na kuweka mioyo chini ya picha yangu, acheni. Mnamsifia mtu msiyemjua. Mikono hii haijawahi kutunga hata shanga kumi zikanyooka. Mmeniona na sindano kwenye picha mkaamini. Kwani nikipigwa picha nimekaa kwenye gari mtasema ni dereva?

Admin, jina langu usiandike, wala la mjukuu wangu, wala la viatu vyake. Wanaoijua habari hii watajua, na wajue. Nina miaka sabini na mbili. Shule niliishia darasa la tatu. Nimeolewa Oldonyo Sambu na huko nimezeekea, nikiuza maharage, na kwa maharage hayo nimesomesha watoto. Hilo nalisema kifua mbele. Hili lingine nalisema nimeinamisha uso.

Mjukuu wangu ni mbunifu wa nguo na viatu hapo Arusha mjini. Anatengeneza sendo za ngozi zenye ukanda wa shanga, na magauni yenye shanga hizo hizo shingoni. Mwezi uliopita watu wa mtandaoni walikuja kuandika habari zake, alianzaje, nani alimfundisha. Akawaambia, "Yote yametoka kwa koko wangu." Kwetu koko ndiyo bibi. Basi wakapanda mpaka nyumbani kwangu na kamera zao.

Sasa sikilizeni ukweli. Kwetu binti akiolewa, mama yake ndiye anayemshonea shanga za kutokea. Mimi nilikuwa mtu wa sokoni, sindano sikuijua, na wanawake wenzangu walinicheka kwa hilo. Binti yangu, mama wa huyu mbunifu, alipokaribia kuolewa sikuwa na kitu cha kumvika. Mume wangu alikuwa na wake wawili, mimi ndiye mkubwa. Mke mwenzangu nilikuwa namsema kila siku kwamba ni mvivu, kazi yake kukaa chini na shanga. Huyo huyo akaja kwangu ameficha mkanda wa shanga chini ya shuka. Akaniambia, "Dada, huu ni wako. Wakikuuliza, sema umeshona wewe." Alinifunika aibu siku ile. Alinipa uongo wa siku moja, mimi nikaufanya wa maisha.

Baada ya harusi binti yangu aliniachia mkanda ule niutunze, na mjukuu akaukuta kwenye sanduku langu, akauliza nani kaushona. Nikasema mimi. Akauiga kama ulivyo akauweka kwenye viatu vyake. Katikati ya mstari wa bluu kuna shanga moja ya rangi ya chungwa, na yeye ameiweka kwenye kila kiatu, ndiyo alama yake. Yule mwandishi, kijana mwenye adabu, alinipa shikamoo akauliza, "Bibi, hii shanga moja ina maana gani?"

Nikakohoa. Nikamjibu, "Hilo ni jua linapotokea nyuma ya Meru."

Mjukuu wangu akalia machozi. Mimi mwenyewe nusura nilie, jinsi nilivyolisema vizuri. Ukweli ni kwamba shanga za bluu zilimwishia mwenzangu, ilikuwa Jumapili, duka limefungwa, akaweka iliyokuwepo.

Wiki iliyopita nikamkuta mwenzangu sokoni Kwa Mrombo. Tangu mzee wetu afariki anakula kwa shanga zake, anatandika kitambaa chini anauza. Dada mmoja mwenye simu mkononi akaokota mkanda, akautazama, akautupa. "Mama, hizi ni feki. Orijino ni za yule bibi wa sendo. Yaani umeiga mpaka ile ya chungwa?"

Mwenzangu alikuwa ananitazama mimi, niliyesimama nyuma ya yule dada na kikapu changu. Nilikuwa na nafasi ya kusema neno moja tu. Mdomo huu unaogombeza kata nzima haukufunguka. Yule dada alipoondoka, mwenzangu akasema, "Karibu, dada. Nasikia jua limetoka." Akacheka kidogo, akaanza kukunja kitambaa chake, na ilikuwa saa nne asubuhi, soko ndiyo kwanza linajaa. Heri angenitukana. Niliondoka kama mwizi wa kuku.

Sasa Jumamosi hii mjukuu amealika wateja wakubwa na wenye kamera, anataka nikae mbele yao nishone. Nikasingizia macho. Akanibembeleza, "Koko, hata shanga tano tu, wakuone." Nikisema ukweli, jina alilolijenga linaweza kuanguka, maana amelisimamisha juu yangu. Nikinyamaza, mwenzangu ataendelea kuitwa mwigaji wa kazi ya mikono yake mwenyewe, na atakufa anaitwa hivyo.

Nilikuja niwaulize nifanye nini, kama wengine wanavyouliza hapa. Nimeandika tangu asubuhi, na nilipofika hapa nikaona swali hilo ni la mwoga. Jibu ninalo. Kilichonishinda ni kulisema nikimtazama mtoto usoni.

Mjukuu wangu, najua ukurasa huu unausoma. Lia ukimaliza, kisha unawe uso. Jumamosi gari lisije kwangu. Lipeleke kwa bibi yako mdogo, umwamkie, umweleze kila kitu, na akikataa kupanda usimlazimishe, nipigie nije nimpigie magoti mwenyewe, hiyo siyo kazi yako. Akikubali, mkalishe yeye mbele, na yule mwandishi amuulize maswali yote upya, aandike atakachojibu yeye. Mimi niwekeeni benchi nyuma. Nitakaa nisikilize.